Oili Inapovuja kwenye Sampu ya Gari la Zamani

Kabla ya kulaumu bolti ya kumwagia oili, safisha sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini) na uikaushe kabisa, washa injini kwa dakika 10, uizime, kisha mulika kwa tochi uone tone linaanzia wapi, kwa kuwa oili inayopenya kwenye gasketi (kipande cha kuziba kati ya sampu na injini) hutiririka hadi kwenye bolti na kumpotosha fundi. (Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee.)

Bolti ikivuja, usiikaze kwa nguvu. Badilisha washa ya shaba, ile pete bapa inayokaa chini ya kichwa cha bolti. Ukikuta vipande vyembamba vinavyong'aa vimejiviringisha kwenye bolti, meno ya tundu yamelika, jambo la kawaida kwenye sampu ya aluminiamu. Hapo ningeishusha sampu kwanza, ndipo tundu lichongwe meno mapya, ili chenga zisibaki ndani.