Mbwa mdogo, jua la Malindi na kupe

Mwenye mbwa mdogo wa nyumbani hapa Malindi, usimtoe matembezi mchana. Mtoe alfajiri, au jioni jua likishapungua makali. Kabla hajakanyaga lami au mchanga wa ufukweni, weka upande wa nyuma wa kiganja chako chini kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake zitaungua. Tena mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, hujipoza kwa kuhema, na wale wenye pua bapa huzidiwa upesi mno. Beba chupa ya maji matamu, maana akiwa na kiu atayanywa ya bahari, na chumvi ile itamtapisha na kumharisha.

Mkirudi, mkague kupe. Hapa ndipo wengi hupitisha mkono juujuu tu, na inasikitisha. Panua vidole vya miguu kimoja kimoja, geuza masikio, mvue mkanda wa shingoni uangalie chini yake. Kupe ukimwona, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumzungusha. Mafuta ya taa achana nayo kabisa: yanamchoma mbwa ngozi, naye huyalamba. Kila anapotulia mpe kipande kidogo cha kuku kisicho na mfupa, na baada ya muda atakuwa anakuletea mguu mwenyewe.

Fizi zikipauka na chakula akakikataa, huenda ni homa ya kupe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na hapohapo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa kama muda wake umefika.