Jinsi ya kuelewa watu wanaobeba dini na mila yao hadi barabarani

Kama umehamia Kisumu juzi na Jumapili asubuhi matatu yako imekwama hapo Kondele nyuma ya watu wa kanzu nyeupe, ngoma zinalia, bendera iko mbele, na konda anatukana chini chini, basi hii ni yako. Mimi nilitoka Nakuru nikidhani najua Kenya yote, na siku yangu ya kwanza kupatana na hiyo kitu nikasema kwa sauti, si hawa wangesali ndani kama watu wengine. Kando yangu kulikuwa na mama amepakata karai ya omena, amefunika na kipande cha gunia. Akanigeukia pole pole akaniuliza, "Wuoda (mwanangu), kwani wamekwambia wanakuimbia wewe?" Gari yote ikacheka. Nilishuka stegi moja kabla ya yangu.

Lakini lile swali ndo pa kuanzia, sijapata lingine zuri kuliko hilo. Ukiona watu wanajionyesha na kilemba, rozari, shanga, ngoma ama lugha yao, usikimbilie kusema wanajigamba, jiulize kwanza wanaongea na nani. Mara nyingi si wewe mpita njia. Wanaongea na watoto wao wenyewe ambao wameanza kuona haya kuvaa hiyo kanzu shuleni, ama na wazee waliokufa, ama na mtu fulani wa zamani aliyewahi kuwaambia hii yenu si dini. Wewe umepita tu katikati ya maongezi ya watu.

Baada ya hapo tafuta walikatazwa nini. Hapa usiharakishe kwa sababu ndo kuna utamu wote. Chukua watu wa kanisa la Roho, wale wa kanzu nyeupe na msalaba mwekundu umeshonwa kifuani. Mwanzilishi wao, Alfayo Odongo Mango, aliuawa pamoja na wafuasi wake kadhaa mwaka wa 1934 huko Musanda, karibu na Mumias, na ndani yake kulikuwa na ugomvi wa mashamba pia si maombi peke yake. Mwaka huo huo wa 1934, upande wa pili wa nchi, Wakorino watatu, wale wa dini ya vilemba vyeupe, walipigwa risasi na polisi wa mkoloni kwenye msitu wa Ndarugu. Sasa wewe ukiwa Nakuru unapita mitaani unaona vijana wa vilemba vyeupe wanapiga ngoma na kuruka unaona ni kelele, kumbe kuna nyanya wa mtu alikuwa anafunga hicho kilemba akijua kinaweza kumletea askari mlangoni. Kitu ambacho watu wako walikufa wakiwa wamevaa huwezi kukivaa chumbani pekee yako ukiwa umefunga pazia.

Ukienda Vihiga utapata African Israel Nineveh Church, hao ndo mabingwa wa kuandamana na bendera. Mhubiri Zakayo Kivuli aliianzisha 1942 baada ya kuachana na misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori, na ukifikiria vizuri, mtu akitoka kwa misheni hatoki na jengo. Anatoka na watu na sauti, basi. Legio Maria nayo ilijitenga na Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 60, na wakabeba Kilatini, rozari na kanzu za kila rangi, halafu wakawa na mlima wao mtakatifu huko Got Kwer, Migori. Watu huwacheka ati wanaiga Wakatoliki. Mimi nawaona kama watu waliohama nyumba wakakataa kuacha vyombo vyao.

Na usidhani ni mkoloni peke yake alikuwa na hii tabia ya kukataza dini za watu. Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa kule Kimilili alifungwa na Mwingereza, akapelekwa mbali hadi Lamu, uhuru ukaja akatoka, halafu 1968 serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku hiyo dini tena. Kwa hivyo mzee wa Bungoma akikwambia kwa sauti kubwa kwa hoteli, mbele ya watu wote, kwamba yeye anaomba Wele, Mungu wa Wabukusu, na haombi msamaha kwa mtu, elewa hiyo sauti imetoka mbali.

Kitu ingine, angalia kalenda kabla ya kukasirika. Ukiwa Bungoma Agosti ya mwaka wa shufwa, kama hiyo 2024 iliyopita na 2026, utapata vijana wanaoenda kutahiriwa wanakimbia barabarani na njuga mikononi wakiita wajomba na mashangazi waje, nyuma kuna umati na vumbi, na alfajiri ya siku yenyewe kijana anarudi kutoka mtoni amepakwa matope mwili mzima anasimama wima bila kupepesa jicho mbele ya kijiji chote. Hiyo kitu haiwezi kufanywa kimya kimya hata ukitaka. Maana yake yote ni kwamba watu waone, kwa sababu kesho hao hao ndo mashahidi kwamba hakulia. Kama una safari, piga hesabu ya saa moja zaidi ama pitia njia ingine. Vile vile Mbale ya Vihiga tarehe 26 Disemba ni ya Wamaragoli na sherehe yao, usiende huko siku hiyo ukitafuta utulivu.

Halafu kuna swali la mahali. Hii nilichelewa kuelewa, na nilikuwa naishi ndani yake. Kijijini ambapo kila mtu ni kabila moja hakuna anayejitangaza, atajitangazia nani. Lakini weka watu kwa plot moja Nakuru, landilodi Mkikuyu, mpangaji Mluo, fundi wa viatu Mkamba, duka ya mbele ni ya Msomali, mlango wa mwisho Mkalenjin, hapo ndo kila mtu anaanza kukumbuka ngoma za kwao. Radio zinapanda sauti. Na sisi wa Nakuru tunajua kinyume chake pia, kwa sababu mwanzo wa 2008, wakati wa vita vya baada ya uchaguzi, watu walikuwa wananong'ona kwa matatu, mtu anapokea simu ya mamake anamjibu kwa Kiswahili ili lugha isimtoe. Mimi nimemjibu mamangu hivyo. Mtu aliyewahi kuficha lugha yake mdomoni, siku akiipata tena ataiongea kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na sioni kosa.

Wasikh nao usiwasahau ati kwa sababu ni wachache. Reli ilifika Kisumu 1901, wakati huo inaitwa Port Florence, na waliotoka India kuijenga na kuihudumia baadhi yao walibaki. Kilemba chao si pambo, ni cha kufunika nywele ambazo dini haiwaruhusu kukata. Mtu anakuonyesha yeye ni nani kabla hajafungua mdomo, ukiwa na shida unajua wa kukimbilia. Ukitaka kujifunza haraka kuliko kusoma hii yangu, nenda gurudwara, nyumba yao ya ibada. Vua viatu, funika kichwa hata na leso, kaa chini na watu, kula kile unachopewa. Chakula ni cha bure kwa kila mtu na hakuna atakayekuuliza dini yako. Usichukue nyingi ukaacha kwa sahani tu, hiyo ni aibu.

Kuhusu kuuliza maswali, usiulize "kwa nini mnafanya hivi", hiyo inaskika kama kesi. Sema, "hii rangi ina maana gani?" ama "ni nani alikushonea hii?" Mtu akianza na fundi wa nguo atafika mwenyewe kwa Mungu. Mzee muite mzee ama baba, mama muite mama, na kama uko Kisumu salimia kwanza, hata kama una haraka ya kufa. Picha uliza kabla. Maombi yakiendelea weka simu mfukoni, na watoto wa watu usiwapige picha kabisa.

Sasa, sio kila fahari ni ya kuaminika, tusidanganyane. Kuna ile ya kukodi. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2014, ile orodha ya vitu vinavyohitaji kulindwa haraka visipotee, na bado utaona hizo ngoma zimepangwa kwa mstari zikingoja mheshimiwa ambaye amechelewa masaa matatu, jua kali, wachezaji hawajapewa hata soda. Jinsi ya kutofautisha ni rahisi, ngoja magari yaondoke. Kama ngoma zimenyamaza hapo hapo, ilikuwa kazi. Kama wamebaki wanacheza wenyewe na wamama wameingia, hiyo ni yao.

Na kuna mahali inageuka nguvu. Kila msimu wa tohara hukosi kusikia mwanaume mzima wa kabila lingine amekamatwa sokoni akatolewa nguo. Hapo hakuna cha kuelewa. Katiba ya 2010 kifungu cha 32 inampa mtu haki ya kuonyesha dini yake hadharani, peke yake ama na wenzake, na kifungu cha 44 inalinda lugha na mila, lakini hicho hicho cha 44 kinasema hakuna mtu atamlazimisha mwingine kufanyiwa tambiko ama mila. Ukiona hivyo usisimame kuchukua video, ita watu, ripoti. Wazee wenyewe wa Bukusu niliokaa nao hawapendi huo upuzi, wanasema aliyekamatwa kwa nguvu hajakuwa mwanaume, amekuwa tu mgonjwa.

Mwisho ni mambo ya plot, kwa sababu mwenye kanzu atakuwa jirani yako. Mama wa mlango wa tatu hapa kwetu ni wa Roho. Jumamosi anafua kanzu mara mbili, ya pili na bluu ya kufulia, anaanika ndani nje ili jua lisile ule msalaba, halafu jioni anapiga pasi ya makaa akiwa amesimama, anapuliza majivu upande mwingine, na hakuna mtoto anapita karibu. Mimi wiki yangu ya kwanza niliwasha jiko la makaa chini ya kamba yake. Hakunigombeza. Aliitoa kanzu, akaangalia ile masizi, akarudi kwa karai akaanza upya saa kumi na mbili jioni, na mimi nikaenda kuchota maji.