Kutoka Uhuru hadi Raskazone: namna ya kuandaa timu ya mlima na baiskeli kwa ajili ya mchango

Kabla hamjazungumzia viatu wala baiskeli, fungueni madaftari mawili ya fedha. La kwanza ni la safari: ada za hifadhi, kampuni ya kuwapandisha mlimani, gari la kusindikiza, chakula, malazi ya Same, Mombo na Korogwe. Hilo linajazwa na mifuko ya wanatimu wenyewe, au na mfadhili aliyeambiwa waziwazi kwamba fedha yake inalipia safari. La pili ni la michango ya watu, na kila shilingi inayoingia humo inakwenda kwenye vitimwendo vya watoto wasioweza kutembea. Mimi ni mweka hazina wa timu yetu ya Tanga na kwa hili sina mjadala. Kuna bibi muuza vitumbua karibu na stendi aliyenipa 2,000 iliyokunjwa mara nne, akasema ni ya kitimwendo. Fedha ile haiwezi kunilipia mimi geti la Marangu la kuingilia Kilimanjaro.

Wazo lenyewe si geni. Tangu 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita, kwa kushirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS), umekuwa na changamoto yake ya Kilimanjaro ya kuchangia mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI, wengine wakienda kwa miguu na wengine kwa baiskeli. Ile ina kampuni kubwa nyuma yake. Ninayoieleza hapa ni ya watu wasiozidi kumi, majirani na wafanyakazi wenza, wanaopanda Kilimanjaro kisha wanaendesha baiskeli kutoka Moshi hadi Raskazone, pwani ya Tanga, kama kilomita 350. Ni toka kilele cha Uhuru, mita 5,895, mpaka usawa wa bahari.

Ahadi isifungwe na kilele

Mtu atakwambia, "Ukifika juu, nakupa laki tano." Mshukuru, kisha mwombe aibadilishe ahadi hiyo. Anayejua kwamba laki tano za watoto zinamsubiri Uhuru ataficha kichwa kinachomuuma, na mlimani kuficha ndiko kunakoua. Mwambieni afunge ahadi yake na kilomita za baiskeli, ambazo mgonjwa anaweza kumwachia mwenzake, au aitoe kabla hamjaondoka. Kwenye kadi ya mchango andikeni wazi kuwa fedha ni ya watoto, timu ifike kileleni isifike. Wanatimu nao wakubaliane mapema: anayerudishwa na kiongozi kahesabiwa kamaliza, anapigwa picha na wenzake na anapata fulana ile ile.

Kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ni vya kawaida ukivuka mita 3,000 hivi, lakini mwenye dalili hizo hapandi tena mpaka zitulie. Akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa ameketi tu, anateremshwa saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Hakuna kusubiri kukuche. Dawa ya Diamox inasaidia mwili kuzoea hewa nyepesi, ila muulizeni daktari kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa, na isimpe mtu ujasiri wa kuendelea kupanda huku anaumwa. Wenye pumu, presha au selimundu wapimwe miezi kadhaa kabla, wakati bado kuna nafasi ya kubadilisha mpango.

Kwa timu ya namna hii nachagua njia ya Marangu kwa siku sita. Mnalala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, kwa hiyo mnapumzika vizuri kuliko kwenye mahema. Siku ya ziada pale Horombo, kwenye mita 3,720, msiiuze kwa sababu ya bei. Mnapanda kidogo kuelekea kilele cha Mawenzi, mnarudi kulala palepale, na ndiyo inayowapa wengi nafasi ya kufika. Usiku wa kileleni mnaondoka Kibo kama saa sita. Chupa ya maji igeuzeni kichwa chini, maana barafu huanza kuganda juu na mdomo wa chupa utabaki wazi. Betri za akiba za taa ziwe mfuko wa ndani, karibu na kifua, baridi inazinyonya.

Kuhusu wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, maana hapa misaada mingi inajichafua: mtu anayebeba mzigo wako kwa ujira wa kupunjwa hawezi kuwa sehemu ya tendo la huruma. Muulizeni mwenye kampuni analipa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi, wanalala wapi. Mzigo ukipimwa getini simameni pale muone mizani, usizidi kilo 20. Shirika la KPAP pale Moshi linafuatilia kampuni zinazowatendea haki wagumu. Anzieni kwenye orodha yao.

Siku mbili za Moshi

Wengi huuliza kwa nini mlima kwanza. Kazi yangu ni fiziotherapia, kwa hiyo nitajibu kwa mapaja. Kinachoumiza misuli ni kuteremka, siyo kupanda. Kutoka kileleni hadi Horombo, tena siku hiyo hiyo, mapaja yanafanya kazi ya breki kwa saa nyingi, na maumivu yake hufika kilele siku ya pili au ya tatu. Baiskeli haina mshindo huo, hivyo paja lililochoka linaweza kuzungusha pedali taratibu na likapona njiani. Ukigeuza ratiba, unamfikisha mtu geti la Marangu akiwa na kikohozi cha vumbi na upungufu wa maji mwilini, halafu unamtaka apande kwenye hewa nyepesi. Barabara inamvumilia aliyechoka kuliko mlima unavyomvumilia.

Kaeni Moshi siku mbili kamili. Kuleni mtori, laleni, nyosheni miguu, na jioni ya pili zungukeni mjini nusu saa mkiwa juu ya baiskeli ili kiti na usukani virekebishwe kabla ya safari. Goti linalouma kwa mbele mara nyingi linadai kiti kipandishwe kidogo.

Mazoezi yafuate mpangilio huo huo: Jumamosi kutembea milimani na begi mgongoni, Jumapili baiskeli ya masaa mengi kwa miguu iliyochoka. Sisi wa Tanga tuna Amani na Lushoto. Wa Dar watafute Uluguru.

Barabara ya Moshi hadi Tanga

Chagueni mwezi kwa kuangalia upepo. Juni hadi Septemba mlima ni mkavu na unapendeza, lakini kusi linavuma kutoka kusini mashariki, yaani usoni kwenu kutoka Mwanga mpaka Mombo, kwenye uwazi ule wa chini ya milima ya Pare na Usambara. Ninapendelea Februari. Mlima huwa bado mkavu kabla ya masika, na kaskazi hailipigi paji la uso. Gharama yake ni joto: Same na Hedaru adhuhuri hapafai mtu kuwa juu ya baiskeli. Ondokeni saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa tano muwe kivulini. Siku ya kwanza Same, ya pili Mombo, ya tatu fupi hadi Korogwe, ya nne Segera, Muheza na Tanga.

Malori na mabasi ndiyo hatari kubwa kuliko yote. Trafiki wa mikoa yote miwili wapewe barua mapema. Nendeni mstari mmoja, vikundi vya watu wanne au watano, vizibao vya kung'aa mwilini, gari la kusindikiza nyuma. Wa mbele atangaze matuta kwa sauti. Basi likija kwa mbele linalipita lori, shukeni pembeni wote bila kubishana kuhusu haki ya njia.

Na mkishuka, baiskeli ibebwe, isikokotwe. Pembeni ya barabara kuanzia Mwanga mpaka Makanya pamejaa miiba ya migunga. Pancha ikitokea, usikimbilie kuweka tyubu mpya. Toa tyubu, kisha pitisha kidole polepole ndani ya tairi, mzunguko mzima, huku umebonyeza kidogo. Ncha ya mwiba huwa imekatikia ndani ya mpira, haionekani kwa macho, kidole ndicho kinachoipata. Isukume itoke kwa nje, pitisha kidole tena, ndipo uweke tyubu. Asiyefanya hivyo atapata pancha ya pili kabla ya kijiji kinachofuata.

Maji yachanganywe na unga wa ORS wa kurudisha maji na chumvi mwilini, siyo matupu siku nzima. Kaptula ya baiskeli inavaliwa bila nguo ya ndani, na mafuta ya mgando yanapakwa kabla ngozi haijachubuka. Kina dada wasione haya kuuliza haya mapema. Kidonda cha kiti kimewashusha watu wenye mapafu mazima.

Baada ya Raskazone

Ndani ya wiki mbili tumeni hesabu kwenye kundi la WhatsApp: kilichoingia kwa kila namba ya simu, kilichotoka, picha ya risiti. Waliotoa taslimu wafuateni walipo. Bibi wa vitumbua hana simu ya kupokea picha, kwa hiyo namsomea.

Vitimwendo visinunuliwe kwa mkupuo wa saizi moja. Mtoto apimwe upana wa nyonga, urefu wa paja na mguu, na atazamwe kama anaweza kujishikilia akiketi. Kiti kikubwa kinampinda mgongo. Chagueni chenye magurudumu yanayoingia tyubu za kawaida, ambazo fundi baiskeli wa kijijini anaziweza. Pampu, viraka na gundi mlivyobaki navyo kutoka barabarani wapeni wazazi, na mwoneshe mama wa mtoto jinsi ya kupitisha kidole ndani ya tairi.