Kufunga kizingiti cha alumini kwenye sakafu ya zege

Wengi hukimbilia drili kabla ya kuutazama mlango wenyewe. Kizingiti hufuata mlango: kikiwa juu mno mlango unakwaruza, kikiwa chini mno mpira wa kuziba uwazi haugusi, na maji, vumbi na wadudu wanaendelea kupita.

Andaa drili ya kugonga, biti ya zege ya mm 6, fisha za mm 6 (vibomba vya plastiki vinavyoingia shimoni kushika skrubu) na skrubu zake zisizoshika kutu, msumeno wa chuma, tindo, silikoni, miwani na barakoa.

Hatua ya 1. Funga mlango, kisha pima uwazi ulioko chini yake upande wa bawaba, katikati na upande wa kitasa. Vipimo vikitofautiana, fuata kilicho kidogo. Hapo ndipo utajua ununue kizingiti cha kimo gani.

Hatua ya 2. Sawazisha sakafu. Vinundu vitoe kwa tindo, mashimo yazibe kwa saruji na uiache ikauke kabisa, maana saruji mbichi hula alumini. Fagia, futa kwa kitambaa chenye maji, subiri pakauke.

Hatua ya 3. Pima upana kati ya miimo, chini kabisa sakafuni, kisha kata kizingiti kikiwa pungufu kwa mm 2. Alumini ya mita 1 hutanuka karibu mm 1 joto likipanda nyuzi 40. Ikibanwa pande zote mbili itabinuka katikati.

Hatua ya 4. Kilaze mahali pake bila gundi, ufunge mlango juu ya kipande cha karatasi. Karatasi ikivutwa itoke kwa kubana kidogo bila kuchanika. Rudia sehemu tatu zilezile. Ukiridhika, weka alama za matundu kwa penseli.

Hatua ya 5. Ondoa kizingiti utoboe. Kama fisha ina urefu wa mm 30, funga tepu kwenye biti kwenye mm 40, ujue pa kusimama. Shika drili wima, usiilazimishe. Ukimaliza, shimo limejaa unga laini wa zege, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika: fisha iliyokaa juu ya unga haizami yote, na skrubu ikikazwa huzunguka nayo. Sugua shimo kwa brashi nyembamba, uvute unga kwa mashine ya kufyonza vumbi. Usipulize kwa mdomo. Vumbi la zege lina silika, nayo huumiza mapafu.

Hatua ya 6. Ingiza fisha hadi zilingane na sakafu. Paka mistari miwili ya silikoni isiyokatika, laza kizingiti, kaza skrubu kwa mkono ukianzia katikati. Ziba nafasi za pembeni kwa silikoni. Watu wasikikanyage kwa saa 24.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nina silikoni inayonuka kama siki. Inafaa?
Hapana, ndugu. Hiyo hutoa asidi inapokauka. Haishiki zege vizuri na huila alumini. Tafuta isiyo na asidi.

Fundi, biti imegonga kokoto ikahama, sasa shimo ni pana na fisha inacheza. Nijaze vijiti vya kiberiti?
Usifanye hivyo, vitaoza. Panua shimo liwe mm 8 uweke fisha ya mm 8, ila hakikisha kwanza skrubu yake inapita kwenye tundu la kizingiti. Isipopita, jaza shimo epoksi, iache igande, utoboe upya.

Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Kimo kisizidi ngapi?
Viwango vya ADA, sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, vinaishia mm 13, na kinachozidi mm 6 lazima kiwe na ukingo wa mteremko. Mimi ningemtafutia kilicho chini zaidi ya hapo, chenye mteremko pande zote mbili, maana anaingia na pia anatoka. Ujaribu naye kabla ya kutoboa.

Je, kama bomba la maji linapita chini ya mlango?
Usitoboe kabisa. Tumia gundi ya ujenzi inayoshika zege na alumini, weka uzito juu yake mpaka igande. Mkikuta sakafu ina unyevu, msipake gundi hiyo hadi sakafu ikauke.

Sakafu yangu ina vigae juu ya zege, mkuu.
Toboa kigae kwanza kwa biti ya vigae, kitufe cha kugonga kikiwa kimezimwa. Ukifika kwenye zege ndipo ubadilishe biti na uwashe kugonga.