Mtoto anayekwepa kusoma: anza na kadi za silabi

Kitabu kiweke kando kwanza. Kata kadi 15, uandike silabi za m, t na l pekee: ma me mi mo mu, ta te ti to tu, la le li lo lu. Zinatosha kuunda tamu, mate, lima, meli, lete.

Zichanganye kila mara. Akizoea kuziimba kwa mpangilio, atakuwa anakariri huku macho yake yakiwa dirishani, nawe utadhani anasoma. Tena tamka silabi nzima. Ukimtajia “em” kisha “a”, sikio lake halitapata “ma” humo.

Akikwama, hesabu moyoni hadi tano, mtajie, muendelee. Kumbana akumbuke ndiko hasa kunakomfanya achukie. Akibahatisha neno kwa kuona mwanzo wake tu (wengi hufanya hivyo), funika silabi zinazofuata kwa kidole, umfunulie moja moja.

Dakika 10 kwa siku, na mwache angali anataka. Mb, nd, ny na ng' zisubiri mpaka hizi 15 azisome bila kusita.