Kuiona bendi ya rock uliyokua nayo ukiwa ughaibuni: usiseme "mwakani"

Maisha ya ughaibuni yana zawadi moja tunayoisahau kwa shughuli za kazi na bili. Ile bendi uliyokuwa ukiisikiliza kwenye kaseti, sauti ikikwaruza, sasa inapita na ziara yake katika mji unaoufikia kwa treni ya saa mbili. Unaliona tangazo, moyo unaruka, kisha unasema: mwakani, mambo yakitulia. Mimi nilisema hivyo kwa miaka, na bendi mbili nilizozipenda hazipo tena.

Aerosmith walianza ziara ya kuaga Septemba 2023. Baada ya maonyesho machache tu mwimbaji wao, Steven Tyler, akaumia koo, na Agosti 2024 wakatangaza kwamba hawatafanya ziara tena. Charlie Watts, mpiga dramu wa The Rolling Stones, alifariki Agosti 2021, wiki chache kabla wenzake hawajarudi jukwaani. Black Sabbath walipiga onyesho lao la mwisho Villa Park, Birmingham, tarehe 5 Julai 2025, Ozzy Osbourne akiimba ameketi kwenye kiti. Siku 17 baadaye alifariki. Waliokuwepo siku ile hawakuahirisha.

Lakini haraka nayo isikufanye utupe pesa au uhatarishe makaratasi yako. Neno "kuaga" kwenye bango, kwa mfano, lisikutie hofu. Scorpions, ambao ndio bendi yangu, walitangaza kustaafu mwaka 2010, na miaka mingi baadaye bado walikuwa wakipiga. Mötley Crüe walitia saini mkataba wa kuacha ziara, wakaaga usiku wa mwisho wa 2015, na mwaka 2019 wakatangaza kurudi. Kwa hiyo usimlipe mlanguzi mara tatu ya bei kwa sababu ya neno hilo. Cha kutazama ni watu wenyewe.

Nani hasa utamkuta jukwaani?

Jina la bendi huishi kuliko wanabendi. Lynyrd Skynyrd wanaendelea na ziara, lakini tangu Gary Rossington alipofariki Machi 2023 hakuna hata mmoja wa waanzilishi aliyebaki. Kwa AC/DC, Angus Young ndiye pekee aliyekuwepo tangu 1973. Queen wa jukwaani ni Brian May na Roger Taylor, na anayeimba, badala ya hayati Freddie Mercury, ni Adam Lambert. Hakuna aibu katika hilo, na Lambert anaimba vizuri kwa namna yake. Muhimu ni ujue kabla ya kulipa, usije ukasimama pale unamtafuta mtu ambaye hayupo.

Tafuta video za ziara ya mwaka huu, zilizopigwa na mashabiki kwa simu, si zile za bendi yenyewe. Sauti ya mwimbaji ndiyo huchoka kwanza. Utasikia kama wameushusha wimbo kidogo ili aumudu, na kama sehemu za juu anawaachia watazamaji. Mimi nikisikia hivyo bado naenda, maana mwimbaji wa miaka 75 anayejua mpaka wa sauti yake hunigusa kuliko kijana anayepiga kelele. Wewe jiamulie. Na soma bango hadi chini: kuna vikundi vinavyoiga bendi maarufu, jina la bendi likiandikwa kwa herufi kubwa na neno la kuonyesha kwamba ni waigaji likiwa dogo kama mchwa.

Tiketi

Fungua akaunti kwenye tovuti ya muuzaji rasmi wiki moja kabla ya siku ya mauzo. Weka jina lilivyo kwenye pasipoti, namba ya simu ya nchi unayoishi na kadi ya benki ambayo umeshaijaribu kununulia kitu mtandaoni. Wengi wetu hukwama hapo hapo: umefika mwisho wa foleni ya mtandaoni, benki inatuma namba ya siri kwenye laini uliyoiacha zamani, na viti vinaondoka. Jiandikishe pia kwenye orodha ya barua pepe ya bendi, kwa sababu mara nyingi mashabiki hao hupewa nafasi ya kununua siku moja au mbili kabla ya wengine.

Andika kikomo chako kwenye karatasi kabla hujaingia foleni. Baadhi ya wauzaji hupandisha bei kadiri watu wanavyozidi. Oasis walipouza tiketi Agosti 2024, tiketi za kusimama zilizotangazwa kwa takriban pauni 150 zilifika pauni 355 watu wakiwa bado wanasubiri zamu. Umekaa saa tatu, mkono unatetemeka, dakika zinahesabika: hapo si mahali pa kufanyia hesabu.

Ukikosa, usikate tamaa. Viti vilivyoshikiliwa na waandaaji mara nyingi huachiwa siku chache kabla, jukwaa linapokwisha kupimwa na kujulikana nani ataona nini. Wanaokatiza safari nao huuza. Pitia sehemu rasmi ya muuzaji yule yule ambako mashabiki huuza tena tiketi zao. Ireland kuna sheria tangu 2021 inayokataza kuuza tiketi ya tamasha kwa zaidi ya bei yake ya asili, lakini nchi nyingi hazina ulinzi huo. Tafadhali usinunue picha ya tiketi kutoka kwa mtu wa kundi la WhatsApp, hata akiongea lugha yako na kukuita ndugu. Tiketi nyingi za siku hizi zina msimbo unaobadilika kila baada ya sekunde kadhaa, kwa hiyo picha ya skrini haifungui mlango. Tiketi halali huhamishwa ndani ya programu yenyewe, kutoka akaunti yake kwenda yako.

Kama onyesho liko nchi nyingine

Hapa ndipo sisi tunatofautiana na shabiki mwenye pasipoti inayofungua kila mpaka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukiwa na kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja), unaweza kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180, ukiwa na pasipoti na kibali vyote mkononi. Uingereza na Ireland hazimo humo. Ndiyo kusema, kibali cha Uingereza hakikufikishi Paris wala Berlin. Ukiwa na pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda, unahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Jibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15, ila linaweza kusogea hadi 45. Hesabu kwa hizo 45. Tiketi ya tamasha inaeleza sababu ya safari yako, haimlazimishi mtu kukupa viza.

Kwa walioko Marekani, mtego ni kurudi. Unaweza kuwa unaishi na kusoma kihalali kabisa huku viza iliyobandikwa kwenye pasipoti imekwisha. Ukitoka, huenda ukahitaji viza mpya ili uingie. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujanunua chochote. Na mwenye ombi la hifadhi ambalo halijaamuliwa asivuke mpaka wowote kabla ya kuzungumza na wakili wake. Hakuna gitaa duniani linalostahili hilo. Subiri bendi ifike upande wako.

Halafu kuna afya ya wazee wenyewe. Onyesho likifutwa, muuzaji hukurudishia bei ya tiketi, si ya ndege. Chukua hoteli inayokubali kughairi bure, na bila sababu kubwa usipange kufika siku ile ile ya onyesho. Likiahirishwa, tiketi yako kwa kawaida inabaki halali kwa tarehe mpya.

Masikio

Tafadhali nisikilize hapa hata kama mengine umeyaruka. Wataalamu wa afya ya kazini Marekani wanakadiria kwamba sikio linavumilia desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatika nusu. Ukifika 100, kiwango cha kawaida kabisa cha rock, umebaki na dakika 15. Onyesho ni saa mbili. Pete Townshend wa The Who ameishi miaka mingi na mlio wa masikio. Brian Johnson wa AC/DC aliiacha ziara mwaka 2016 kwa sababu ya usikivu, na ilibidi Axl Rose aimbe badala yake.

Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki. Vinapunguza sauti zote kwa uwiano, ukiendelea kusikia matoazi na maneno ya wimbo. Vile vya sponji vinalinda, ila muziki unasikika kama uko chumba cha pili. Vivae kabla ya wimbo wa kwanza.

Kuhusu mahali pa kukaa: tafuta ilipo meza ya fundi mitambo, ukae karibu nayo au nyuma yake kidogo. Yeye hupanga sauti kwa kusikia akiwa pale. Ukiwa mita 100 kutoka jukwaani, sauti inachelewa karibu theluthi ya sekunde, utamwona mpiga dramu akigonga kabla hujasikia, isipokuwa uwanja umewekewa spika za katikati. Kama si mrefu, kiti cha pembeni safu za chini ni bora kuliko kusimama nyuma uwanjani ukitazama migongo.

Siku yenyewe

Angalia ukubwa wa begi linaloruhusiwa. Viwanja vingi vya Marekani vinataka mfuko unaoonyesha ndani, na kumbi nyingi za Uingereza hazipokei begi linalozidi karatasi ya A4. Beba chaja ya mkononi, maana tiketi iko kwenye simu. Bob Dylan hufungia simu za watazamaji kwenye mifuko hadi mwisho, na Iron Maiden mwaka 2025 waliwaomba mashabiki waziweke mfukoni. Kwa hiyo kubalianeni mapema mtakutana wapi mkipotezana.

Jua saa ya treni ya mwisho, na jua kuwa muda wa kufunga ni sheria. Hyde Park, Julai 2012, Bruce Springsteen na Paul McCartney walizimiwa vipaza sauti wakiwa jukwaani kwa sababu muda ulikwisha. Fika mapema uisikie bendi ya utangulizi. Fulana nunua ukiingia, ukitoka saizi yako imekwisha.

Ukikosa wa kwenda naye, nenda peke yako. Huenda ukawa mmoja wa weusi wachache ukumbini, na mara ya kwanza utalisikia hilo mwilini. Kumbuka The Rolling Stones walichukua jina lao kwenye wimbo wa mwaka 1950 wa Muddy Waters, mwanamuziki mweusi wa blues, na kwamba Chuck Berry na Sister Rosetta Tharpe, weusi pia, walikuwa wamekwisha kuliwasha gitaa la umeme kabla ya bendi zote hizi. Humo ndani wewe si mgeni.

Nilipowaona Scorpions niliketi kando ya mwanamke mwenye mvi aliyekuwa amekuja na binti yake. Hatukusemezana hadi mwimbaji wao, Klaus Meine, alipoanza kupiga mluzi wa "Wind of Change", ule wimbo unaojulikana na kila mtu. Akanitazama, akaona nalia, akanipa kitambaa chake, tukaimba wote hadi taa zilipowashwa.