Jinsi ya Kuomba Kutengua Hukumu ya Upande Mmoja Tanzania Bara

Mwongozo huu unamhusu mdaiwa aliyehukumiwa bila kusikilizwa katika Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, kwa kuwa Mahakama za Mwanzo zina kanuni zake. Ombi hufunguliwa katika mahakama ileile iliyotoa hukumu, chini ya Amri ya IX, kanuni ya 9 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Katika Toleo la 2002 kanuni hiyo ilikuwa ya 13, na ndiyo namba utakayoikuta katika maamuzi ya zamani.

Hatua ya kwanza ni kulisoma jalada. Omba kulikagua, kisha utazame ni nani aliyepeleka wito, aliupeleka wapi, na aliapa nini kuhusu kuupokea kwako. Angalia pia kama ulijulishwa siku ya kusomwa hukumu, kwa sababu Mahakama ya Rufani ilikwisha kueleza, katika shauri la Cosmas Construction dhidi ya Arrow Garments, kwamba aliyekosa kufika hupoteza nafasi ya kushiriki usikilizwaji lakini bado ana haki ya kuyajua matokeo.

Hatua ya pili ni kuhesabu siku. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa siku 30 tangu hukumu ilipotolewa. Zikiwa zimepita, anza na ombi la kuongezewa muda chini ya kifungu cha 14, na ueleze kila siku ya ucheleweshaji.

Hatua ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoamua ombi zima, ni hati ya kiapo inayoambatana na hati ya maombi. Wadaiwa wengi hujaza aya kwa aya wakieleza kwamba hawadaiwi, ilhali swali lililo mbele ya mahakama ni moja: ni sababu gani ya kutosha iliyokuzuia kufika shauri lilipoitwa? Kama ulilazwa, taja hospitali na tarehe, na uambatishe nyaraka za matibabu zinazoigusa siku hiyohiyo ya shauri. Kama wito uliachwa kwa mtu mwingine, mtu huyo naye aape kiapo chake, kwa maana maneno yake yakisemwa na wewe ni ya kusikia tu na hayana uzito. Kumtupia lawama wakili wako kwa uzembe mara nyingi hakusaidii. Hakikisha kiapo kina uthibitisho unaoonyesha yale unayoyajua mwenyewe na yale uliyoambiwa, pamoja na tarehe, mahali na sahihi ya aliyekuapisha.

Hatua ya nne ni kusajili ombi na kumpatia mjibu maombi nakala. Kufungua ombi peke yake hakumzuii dalali wa mahakama kukamata mali, hivyo kama utekelezaji umekwisha kuanza, omba pia usimamishwe, kwa hati ya dharura.

Mahakama ikiridhika, hutengua hukumu na kupanga tarehe ya kuendelea na shauri, ikiweza kuweka masharti ya gharama au ya kuweka fedha mahakamani, na masharti hayo yatimizwe mara moja. Ikikataa, amri hiyo, ikiwa ni ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, inakatiwa rufaa chini ya Amri ya XL, kwa hiyo omba nakala ya uamuzi siku hiyohiyo.